Mti wa Babu Hauji kwa Mbegu

Mwezi huu zamu ya ukurasa wa familia imetuangukia sisi, na nyumbani tulibishana siku mbili tuandike nini. Mwishowe alitusaidia mtoto wetu wa darasa la tatu, bila yeye kujua.

Alirudi shuleni na picha aliyoichora kutoka kitabu cha Kifaransa: tunda la kijani, chini pana, shingo nyembamba. Ameandika hapo poire. Tukamwuliza, hili kwa Kiswahili ni nini? Akajibu pale pale: "Ni pera." Dada yake akacheka: "Ile si pera! Pera iko ya mviringo, na iko na mbegu mingi ndani. Hii iko avoka." Wakabishana mpaka maharagi yakapoa. Nasi wakubwa, tuseme ukweli, hakuna kati yetu aliyewahi kuonja poire. Mama peke yake alikumbuka kwamba aliyaona katika duka moja la Bukavu, yamefungwa moja moja kwa karatasi laini. Akauliza bei, akasema aksanti, akatoka.

Tulipouliza kwa wanaojua, tukaona watoto wote wawili walikuwa na haki. Kwa Kireno, pera ndiyo hiyo hiyo poire, lile tunda ambalo Watanzania wanaliita peasi. Neno lilifika pwani, lakini likashikwa na tunda jingine kabisa lililotoka Amerika, na hilo ndilo pera letu sisi. Hapa Rwanda nao wanasema ipera. Avoka nayo iko hivyo hivyo. Waingereza waliona umbo lake wakaiita kwa jina la peasi yao, na mpaka leo pwani ya Kenya wako wanaosema pea, na mti wake mpea. Kwa hiyo peasi lenyewe halikufika vijijini kwetu, jina lake ndilo lilifika, tena mara mbili. (Kwa wageni wa hapa: sokoni Kamembe, ukikutana na muuzaji asiyejua Kiswahili vizuri, usimwambie tu unataka matunda. Kwa Kinyarwanda amatunda ni marakuja. Sisi siku ya kwanza tulirudi na marakuja kilo moja, na hatukuwa na sukari.)

Mapera hayatupi wasiwasi. Mpera haungoji kupandwa. Ndege anakula, anaruka, anaacha mbegu kwenye ukingo wa barabara, na baada ya miaka michache watoto wako juu ya matawi. Hofu yetu ni juu ya avoka, tena si kila avoka. Ni ile moja ya babu yetu.

Kwetu ni Ngweshe, katika Walungu, kwenye vilima vya Bushi. Babu alipanda mti wake mwaka wa 1951, mwaka aliozaliwa baba yetu. Alikuwa amebeba mizigo ya mapadri siku nzima, na jioni wakampa tunda. Alilila, akatia kokwa mfukoni. Mti ukakua mrefu kuliko nyumba, na matunda yake yakawa na shingo ndefu, ganda la zambarau, nyama ya manjano isiyo na nyuzi hata moja. Ukilitikisa likiwa limeiva unasikia kokwa inagonga ndani, tok tok. Tulikula na bugali, tulikula na muhogo wa kuchemsha, tulikula na chumvi peke yake wakati hakuna kingine. Jirani alikuwa na mti mwingine wenye matunda ya mviringo, ya maji maji, lakini ulizaa wakati wetu umenyamaza, basi tulibadilishana. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na wa tatu, wenye matunda madogo meusi yenye harufu kama ya karanga. Hakuna mtu aliyeyapa majina ya kitabuni. Tulisema tu: avoka ya kwa fulani.

Vijana waliozaliwa kambini labda hawajui kwa nini mti ulikuwa jambo kubwa hivyo. Katika desturi ya Bushi, udongo ulipatikana kwa njia kadhaa, na mbili ndizo tulizosikia sana. Ukitoa ng'ombe kwa chifu, unapewa shamba la kalinzi, na hilo linabaki kwako na kwa watoto wako. Asiye na ng'ombe anaomba bwasa: analima msimu mmoja au miwili, anavuna maharagi yake, anarudisha. Kwenye bwasa hupandi mgomba, hupandi kahawa, hupandi mti wa matunda, maana mti ni kusema hapa ni kwangu. Baba wa babu alilima bwasa maisha yake yote. Babu ndiye wa kwanza katika ukoo kutoa ng'ombe. Kwa hiyo ile kokwa aliyotia mfukoni hakuipanda kwa sababu ya njaa tu.

Mwaka wa 2004, wakati wa vita vya Bukavu, tulikuwa tunakaa mjini. Tulivuka Rusizi tukiwa na vitu vichache, na kati ya hivyo kikapu cha avoka za babu zilizokuwa zimefika kutoka kijijini siku mbili kabla. Tulizila njiani. Upande huu, juu kidogo ya Kamembe, familia moja ilitupokea nyumbani kwao, watu ambao hatukuwa na udugu nao wowote. Hatukuwa na zawadi ya kuwapa. Mama akachukua kokwa moja iliyobaki, akawaomba ruhusa, akaipanda nyuma ya jiko lao, akawaambia: "Hii iko avoka ya kwetu. Siku moja mtakula mtuwaze."

Tulirudi kwetu baada ya miezi, na maisha yakaendelea. Vita vilipoturudisha upande huu tena mwaka wa 2025, jambo la kwanza tulilolitaka baada ya kupata kibali cha kutoka kambini ilikuwa kwenda kuwasalimu. Baba wa nyumba ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini mama yupo. Alitukumbatia akatushika mkono mpaka nyuma ya jiko. Mti umesimama pale, mnene, kivuli chake kimefunika nusu ya ua. Akasema wanauita avoka ya Wakongomani, na majirani wote wanaujua kwa jina hilo. Mama yetu alianza kulia kabla hata ya kuonja.

Halafu tukaonja. Haikuwa ile. Tunda lilikuwa kubwa, la kijani, shingo hakuna, nyama nyeupe yenye maji, na nyuzi zikabaki katikati ya meno. Tukatazamana. Mwenye nyumba alikuwa anatutazama kwa furaha kubwa, na watoto wake wanasema hakuna avoka tamu kama hii Kamembe nzima, basi tukasifu. Lakini njiani kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tukaona mahema.

Tulimwuliza agronomu mmoja anayepita kambini kwa habari za vibustani vya mboga. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Alituuliza: "Mtoto wenu anafanana na babu yake kwa kila kitu?" Ua la avoka, alieleza, linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza linakuwa jike, linafunga. Kesho yake linafunguka likiwa dume. Nyuki anachukua unga kwa mti wa jirani analeta kwako. Ile kokwa mliyobeba mama yake ni mti wa babu, lakini baba yake nani anajua? Labda yule wa maji maji wa jirani yenu! Ndiyo maana kila mti uliotoka kwa kokwa ni mtu mpya, anaweza kuwa bora kuliko mama, anaweza kuwa hovyo. Anayetaka mti ule ule ni lazima akate kijiti chake na kukiunganisha juu ya mche mwingine. Sisi kwetu tunaita grefe, wengine wanasema kubebesha.

Akatupa mfano wa Hass, ile avoka yenye ganda gumu linalogeuka jeusi, ambayo miaka hii wakulima wengi wa Rwanda wanaipanda kwa ajili ya soko la nje. Hass alikuwa mtu, Rudolph Hass, mgawa barua huko California, Marekani. Miaka ya 1920 alipanda kokwa asizojua zilikotoka. Mche mmoja ulikataa kila grefe aliyojaribu, akataka kuung'oa, akaushauriwa auache. Inasimuliwa kwamba ni watoto wake waliomwambia matunda ya mti ule ni matamu kuliko mengine yote. Mwaka wa 1935 akauandikisha serikalini kama mali yake. Mti wenyewe ulikufa mwaka wa 2002 kwa ugonjwa wa mizizi, lakini kila Hass iliyoko duniani, hata hizi za hapa, ni kijiti cha kijiti cha mti ule mmoja. Mapeasi ya Wazungu yanalindwa kwa njia hiyo hiyo, na mengine yana umri wa mamia ya miaka. Wa babu nani alikata kijiti chake? Hakuna.

Hapo ndipo tulipoanza kuogopa. Tulimpigia simu baba mdogo aliyebaki kule. Mtandao ulikuwa unakatika, tukasikia hivi: "Mti ingali inasimama. Lakini tawi ya upande ya barabara walikata, walipika nayo." Hatukuuliza ni nani waliopika. Watu wamepita wengi pale, na wote walikuwa na njaa na baridi. Mti wa avoka si kuni nzuri hata, unatoa moshi, lakini anayetetemeka hachagui. Na pale ambapo hakuna vita, inakatwa kwa makala, inakatwa kwa sababu kiwanja kimegawanywa kwa ndugu sita, au inakatwa kupisha Hass. Sisi hatuipingi Hass. Ganda lake linavumilia safari na inaleta pesa. Mwenye watoto wa kulipia shule apande. Ila kilima chenye aina moja tu ya avoka kinazaa kwa wakati mmoja na kunyamaza kwa wakati mmoja, na sisi tulikua kwenye kilima kilichokula karibu mwaka mzima.

Tulitaka baba mdogo atutumie vijiti. Agronomu akakataa kabisa: mmea hauvuki mpaka bila karatasi ya watu wa kilimo, kwa sababu ugonjwa unasafiri ndani ya kijiti kama mtu ndani ya basi. Tulinung'unika, lakini alikuwa na haki. Wanaotoka Kivu wanajua mnyauko ulivyotembea shamba kwa shamba na kumaliza migomba. Basi tukamfundisha baba mdogo kwa simu, afanye kule kule. Kwanza kuotesha kokwa zozote za avoka. Miche ikifikia unene wa kalamu, kukata vijiti vya unene huo huo kwenye ncha za matawi ya mti wa babu, pale macho yamevimba lakini hayajafunguka. Kuondoa majani yote. Kukata kichwa cha mche, kuupasua katikati kwa wembe safi, kuchonga mguu wa kijiti kama kabari, kukiingiza ili ganda la upande mmoja ligusane na ganda la mche. Kufunga kwa nguvu na utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, maji yasiingie. Kivuli. Halafu kungoja wiki tatu, nne, bila kugusa gusa. Alituuliza mara tano kuhusu ile kabari. Tulimwambia kama kuchonga kigingi cha hema, tukakumbuka kwamba yeye hajakaa hemani.

Alifanya kumi na miwili. Ilishika mitano. Ameigawa kwa shangazi na binamu kwenye vilima vitatu, ili moto wa mahali pamoja usimalize yote.

Na sisi hapa? Mikono ilikuwa inatuwasha. Chini ya kambi kuna mama mzee tunayemsaidia kulima, naye anatulipa viazi vitamu. Nyuma ya nyumba yake kuna avoka ya zamani sana, aliyoikuta alipoolewa, ya shingo ndefu, karibu sawa na ya babu. Ganda lake tu ndilo la kijani. Wanawe wanataka kuikata wapande mpya. Hatukuwa na neno juu ya hilo, ni udongo wao. Tuliomba vijiti tu. Alishangaa: "Mnataka matawi ya mti huu mzee, wakati serikali inatoa miche mizuri?" Tukamsimulia habari ya nyuma ya jiko kule Kamembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

Tulifanya tisa, kwenye vikopo vya maganda ya migomba tulivyofunga wenyewe. Panya alikula mmoja. Jua liliua miwili kwa sababu mtoto wetu wa kiume aliihamisha "ione jua." Miwili ilikauka tu bila sababu. Ikabaki minne.

Kisha swali likawa lile lile la bwasa. Kambi hii ni ya kupita. Udongo si wetu, na hema linaweza kuhamishwa wakati wowote. Baba alisema: "Mtu wa bwasa hapandi mti." Mama akamjibu kwamba mwaka wa 2004 yeye alikuwa chini kuliko mtu wa bwasa, na alipanda. Walinuniana jioni nzima.

Miche miwili tulimrudishia mama mzee, akapanda mmoja kwenye mpaka wa shamba na mmoja karibu na kaburi la mumewe. Wanawe hawajasema kitu; mti mkubwa bado haujakatwa. Wa tatu tuliupeleka Kamembe, tukaupanda mita kumi kutoka avoka ya Wakongomani. Tulimweleza mwenyeji wetu kwamba huu ndio wenye ladha karibu na ile tuliyomwahidi. Akatucheka: "Na hii mliyonipa kwanza iko na kosa gani?" Tulitafuta jibu, hatukulipata. Tulikula tena ile ya maji maji, na safari hii, labda kwa sababu hatukuwa tunatafuta kitu ndani yake, haikuwa mbaya hata kidogo.

Wa nne uko hapa mlangoni kwetu, ndani ya ndoo iliyotoboka. Una majani sita. Yeyote anayetaka kuona kabari inavyoshika aje, alasiri tuko, na wembe tunao. Walio na miti kwao yenye simu ya kuifikia, tungependa kusikia: ni tunda gani, liko kwa nani, nani anaweza kukata kijiti. Tumeanza daftari, limefika ukurasa wa tatu. Kuna familia ya Kabare yenye moyo wa ng'ombe uliopandwa na bibi yao, na familia moja imeandikisha mti wa chungwa ambao hawana hakika kama ungali hai.

Juzi wametuambia kwamba majina yetu yako kwenye orodha ya kuhamia Mahama, kule Kirehe. Tarehe bado. Tuliuliza kuhusu mizigo, tukajibiwa: magodoro, vyombo, nguo. Ndoo yenye mti hakuna aliyeitaja, na sisi hatukuuliza zaidi, tusije tukapata jibu. Yule mtoto wa darasa la tatu amekwisha kupima. Anasema kwenye lori akikaa kwa kukunja miguu, inaenea kwenye mapaja.